Skrubu Moja Haitoshi: Namna Kabureta ya Pikipiki ya Zamani Inavyopimia Injini Hewa na Petroli

Pikipiki ya zamani inapoanza kukohoa, kutoa moshi mweusi au kumaliza petroli kabla ya safari kwisha, jambo la kwanza linalofanyika chini ya mwembe wa fundi ni kuchukua bisibisi ndogo na kuzungusha skrubu iliyo ubavuni mwa kabureta. Injini hubadili mlio kidogo, fundi huinamisha sikio, mwenye pikipiki hulipa na kuondoka, na baada ya siku mbili tatizo limerudi vilevile. Nimekuwa upande wa mwenye kulipa mara nyingi kiasi cha kuamua kujifunza mwenyewe kabureta inafanya nini, na nilichogundua ni kwamba skrubu ile inatawala sehemu ndogo sana ya kazi yote: inasikika pikipiki ikiwa imesimama na inapoanza kuondoka, lakini mkono wa mafuta ukishafunguliwa kufikia robo, sauti yake imekwisha na mamlaka yamepita kwa vipande vingine ambavyo havionekani mpaka kabureta ifunguliwe.

Mfano nitakaoutumia ni Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ikiwa na injini ya mipigo minne yenye sentimita za ujazo 124 na valvu zinazosukumwa na vijiti virefu badala ya mnyororo. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi na matunzo huja ikipatikana nafasi, na injini nyingi za Kichina zinazobeba abiria na magunia katika barabara zetu zimefuata ramani yake, kabureta ikiwemo. Anayeielewa kabureta ya CG anaweza kufungua karibu kabureta yoyote ya aina hiyo bila kupotea.

Petroli haiwaki yenyewe ndani ya silinda. Huwaka ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiasi maalumu. Kwa hesabu ya uzito, kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili vyote viungue bila kimoja kubaki. Namba hiyo haisemi mengi mpaka igeuzwe kuwa ujazo: lita moja ya petroli, ile inayouzwa kando ya barabara ndani ya chupa ya maji, huhitaji karibu lita 9,000 za hewa. Kwa hiyo kabureta ni kifaa kinachopitisha bahari ya hewa na kuipimia matone. Injini hukubali kupotoka kidogo kutoka kwenye kipimo hicho. Nguvu nyingi zaidi hupatikana petroli ikizidi kidogo, pale hewa inapokuwa kilo 12.5 hadi 13 kwa kilo moja, na matumizi madogo zaidi hupatikana hewa ikizidi kidogo, kwenye kilo 15 au 16. Petroli ikizidi tuseme mchanganyiko ni mzito, na hewa ikizidi tuseme ni mwepesi. Mchanganyiko mzito kupita kiasi huchafua plagi, hula petroli na huweza kuosha utando wa oili kwenye kuta za silinda. Ule mwepesi kupita kiasi huzidisha joto, na joto ndilo linalotoboa pistoni na kuunguza valvu ya kutolea moshi. Katika injini za mipigo miwili, kama za Yamaha AG100 zilizozoeleka kwa mabwana shamba, wepesi ni hatari zaidi, kwa sababu pistoni huweza kukwama ghafla silindani.

Katikati ya kabureta kuna koo, yaani tundu kubwa linalopitisha hewa, na mahali fulani koo hilo limebanwa. Hewa inapopita penye ubano huongeza kasi, na shinikizo lake hushuka. Chini yake kuna bakuli la petroli ambalo lina njia ya kuvuta pumzi kutoka nje, kwa hiyo petroli iliyomo hukandamizwa na hewa ya kawaida wakati juu, kwenye koo, shinikizo ni dogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoipandisha petroli kupitia jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu lililopimwa, hadi kwenye mkondo wa hewa. Kama mambo yangeishia hapo, jeti moja ingetosha na makala haya yasingehitajika. Shida ni kwamba injini ikinguruma taratibu, hewa inayopita kooni ni kidogo na kasi yake haitoshi kupandisha petroli kwenye jeti kubwa. Kwa sababu hiyo mhandisi alilazimika kuweka mfumo mwingine mdogo, wenye tundu lake mbele ya kizibo kinachopanda na kushuka kooni kwa kufuata mkono wa mafuta, upande wa injini, ambako mvuto ni mkali zaidi kizibo kikiwa kimefungwa. Kati ya mfumo huo mdogo na jeti kubwa kuna pengo, na pengo hilo nalo limejazwa na vipande viwili zaidi.

Ndivyo tunavyopata mamlaka nne zinazopokezana kufuatana na kiasi ambacho mkono wa mafuta umefunguliwa. Kuanzia kufungwa hadi karibu moja ya nane, anayetawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu yetu. Kutoka hapo hadi robo, umbo la kizibo lenye mkato upande wa hewa ndilo lenye usemi mkubwa. Kuanzia robo hadi robo tatu, kazi ni ya sindano iliyoning'inia chini ya kizibo na bomba la shaba ambamo sindano hiyo hupanda na kushuka. Kutoka robo tatu hadi mwisho, jeti kubwa huchukua usukani. Mipaka hii haina ukuta. Kila mmoja humwingilia jirani yake, na jeti kubwa ikiziba kabisa hata sindano haitapata cha kupima. Hata hivyo mgawanyo huu unatosha kumwelekeza mtu anayetafuta kosa, ilimradi aache kufuata kasi ya pikipiki na afuate mkono wake. Kilomita 40 kwa saa kwenye mteremko na kilomita 40 kwa saa kwenye mlima wenye abiria wawili ni hali mbili tofauti kabisa kwa kabureta.

Njia niliyoipenda ni ya kitoto lakini haijawahi kuniangusha. Nilibandika kipande cha plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, kuzunguka kishikio cha mkono wa mafuta, na kingine kwenye sehemu isiyozunguka iliyo jirani yake. Kwenye cha kwanza nilichora mistari ya kalamu penye sifuri, robo, nusu, robo tatu na mwisho, na kwenye cha pili mstari mmoja wa kulinganishia. Nikapanda, na kila pikipiki ilipokohoa nilitupia jicho mstari. Jioni ile nilijua kwamba pikipiki yangu, iliyokuwa imezungushiwa skrubu na mafundi watatu, ilikuwa na ugonjwa wake kati ya robo na nusu, mahali ambapo skrubu haina neno.

Kabla ya kugusa chochote, lakini, ni lazima kuhakikisha kwamba kabureta ndiyo yenye kosa, kwa sababu lawama nyingi inazobebeshwa si zake. Chujio la hewa lililojaa vumbi hufanya mchanganyiko uwe mzito. Lililong'olewa kabisa, kama wafanyavyo vijana wanaotaka mlio, huufanya kuwa mwepesi na kuingiza mchanga silindani. Tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi kati ya valvu na kinachoisukuma) zilizobana hufanya injini igome kunguruma taratibu hata kabureta ingekuwa mpya. Kwenye CG nafasi yake ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na hupimwa kwa fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, si kwa kukisia. Plagi iwe safi na mwanya wake uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Kitundu cha kupumulia kilicho kwenye kifuniko cha tangi kikiziba, pikipiki huenda vizuri kwa dakika kadhaa kisha huishiwa petroli kana kwamba jeti imeziba, na ukifungua kifuniko hupona. Hili la mwisho limewagharimu watu kabureta nzima nzima.

Kosa gumu zaidi kuliona ni hewa ya wizi. Kati ya kabureta na kichwa cha silinda kuna kiungo chenye mpira wa duara wa kuzuia hewa, na mpira huo ukikauka au ukipasuka, hewa isiyopimwa huingia moja kwa moja. Dalili zake ni mngurumo unaopanda wenyewe na kuchelewa kushuka ukiachia mkono wa mafuta. Injini ikiwa inanguruma, nyunyizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kuzunguka kiungo hicho. Mlio ukibadilika maji yanapofika mahali fulani, umepata ufa. Wako wanaotumia petroli kwa jaribio hili. Ekzosi yenye moto iko shubiri chache kutoka hapo, na sioni sababu ya kuchezea maisha wakati maji yanatoa jibu lilelile.

Kuna pia petroli yenyewe. Mafuta ya taa yakichanganywa ndani yake huwaka kwa namna tofauti, hufanya injini igonge inapopanda mlima, na huacha masizi kwenye plagi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, katika mafuta mwaka 2010, chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ili kubaini uchakachuaji wa aina hiyo, lakini petroli ya kwenye chupa imepita mikono mingi baada ya kutoka kwenye pampu. Marekebisho yafanyike kwa petroli ya kituoni, la sivyo utakuwa unaipima kabureta kwa mizani iliyopinda.

Hayo yakiwa sawa, ndipo skrubu inapopata haki yake. Kwanza lazima ujue ni ya aina gani, maana ziko mbili na hufanya kazi kinyume. Ikiwa iko upande wa chujio, nyuma ya kizibo, hiyo hupima hewa: ukiikaza unapunguza hewa na mchanganyiko unakuwa mzito. Ikiwa iko upande wa injini, mbele ya kizibo, hiyo hupima petroli iliyokwisha kuchanganywa: ukiikaza unapunguza petroli na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Fundi aliyezoea aina moja akikutana na nyingine huzungusha kwa kujiamini kuelekea kusikotakiwa. Skrubu ya pili, kubwa kidogo na yenye springi nene, haihusiki na mchanganyiko; kazi yake ni kukiinua kizibo kidogo ili injini isizime.

Injini ipashwe moto kwa kuendeshwa dakika 10 hivi, kwa kuwa marekebisho yaliyofanywa ikiwa baridi ni ya choki, kile kifaa cha kuzidisha petroli wakati wa kuwasha, si ya kabureta. Skrubu ikazwe polepole mpaka iguse mwisho bila kulazimishwa, kwani ncha yake ni nyembamba na ikishatengeneza kovu kwenye kitako chake haitapima tena sawasawa, kisha ilegezwe zungusho moja na nusu. Pandisha mngurumo kidogo kwa ile skrubu ya springi nene. Sasa zungusha skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo kuelekea upande mmoja, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara, mpaka mlio ulegee na kuanza kuyumba. Rudi upande wa pili mpaka ulegee tena. Katikati ya pande hizo mbili kuna mahali injini inanguruma kwa kasi kubwa na kwa utulivu, na hapo ndipo pake. Shusha mngurumo urudi kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika, na urudie zoezi zima mara moja zaidi, kwa sababu kushusha kizibo hubadilisha mvuto.

Mahali skrubu ilipotulia pana habari yake. Ikitulia kati ya zungusho moja na mbili na nusu, jeti ndogo inafaa. Skrubu ya petroli ikidai kulegezwa zaidi ya mazungusho matatu, au skrubu ya hewa ikidai kukazwa karibu mwisho, injini inalia njaa: jeti ndogo imeziba au ni ndogo mno, au hewa ya wizi bado ipo. Jeti ndogo ina tundu jembamba sana na ndiyo ya kwanza kuziba pikipiki ikikaa miezi bila kuwashwa. Izibuliwe kwa hewa ya pampu au kwa mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki. Waya wa chuma ni marufuku, kwani shaba ni laini, na ukishalikwangua tundu umebadilisha namba ya jeti bila kujua umeifanya kuwa ngapi.

Mkato wa kizibo naupita haraka, maana kuubadilisha kunahitaji kizibo kingine na pikipiki ambayo haijabadilishwa injini wala ekzosi haina haja hiyo.

Kwenye sindano ndipo nilipokaa muda mrefu. Sindano hushikwa na klipu ndogo inayoingia katika mmoja wa mifereji, kwa kawaida mitano, iliyochongwa karibu na kichwa chake. Ukiipandisha klipu kuelekea juu, sindano inazama zaidi ndani ya bomba na petroli inapungua. Ukiishusha klipu, sindano inainuka na petroli inaongezeka. Watu wengi huchanganya hapa kwa sababu klipu na sindano huenda kinyume. Mfereji mmoja hutosha kuleta tofauti inayosikika, kwa hiyo usiruke miwili kwa mkupuo.

Klipu ya pikipiki yangu niliipandisha hadi mfereji wa juu kabisa, na bado plagi ilitoka nyeusi kama chungu cha kupikia kwa kuni. Nilimpelekea mzee mmoja fundi wa Lushoto ambaye hakuiwasha hata mara moja. Aliing'oa kabureta, akalitoa bomba la shaba, akalifuta kwa kitambaa na kulielekeza kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja. “Njoo utazame, mwanangu,” aliniambia. Tundu lililopaswa kuwa duara lilikuwa limekaa kama yai. Kwa miaka mingi sindano ilikuwa imetikisika pamoja na kizibo na kuusugua ukuta mmoja wa bomba, na upande huo sasa petroli ilipita kwa wingi hata sindano ikiwa imezama. Sindano yenyewe, ukiizungusha kati ya vidole kwenye mwanga, ilikuwa na mstari unaong'aa upande mmoja. Hakuna skrubu wala klipu inayoziba tundu lililoliwa; dawa ni bomba jipya na sindano mpya, vyote viwili kwa pamoja. Pikipiki yoyote ya umri huo inayokula petroli katika mwendo wa kawaida, huku ikinguruma vizuri ikisimama na kuvuta vizuri ikifunguliwa yote, ningeanza kuichunguza hapo.

Jeti kubwa hupimwa barabarani. Tafuta mlima mrefu usio na magari, weka plagi safi, fungua mkono wa mafuta wote kwa muda katika gia ya tatu, kisha kwa wakati mmoja shika klachi na uzime injini kwa swichi, bila kuiacha ingurume wakati pikipiki inasimama. Mngurumo wa sekunde 30 unatosha kuipaka plagi rangi ya jeti ndogo na kuharibu ushahidi. Kauri iliyo katikati ya plagi ikiwa ya kahawia hafifu, mambo ni mazuri. Masizi makavu meusi ni uzito. Weupe wa chaki wenye vijipunje ni wepesi na joto. Hapa vielekezi vya zamani huhitaji tahadhari, kwa kuwa viliandikwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo iliacha rangi iliyokolea. Kusini mwa Sahara risasi iliondolewa katika petroli kufikia mwanzoni mwa 2006, na tangu hapo plagi yenye afya huonekana kufifia kuliko picha za vitabuni.

Unapobadilisha jeti kubwa, namba hudanganya kidogo. Pale ambapo namba inahesabu kipenyo cha tundu kwa mia za milimita, kutoka 100 kwenda 95 ni kupunguza kipenyo kwa asilimia 5, lakini eneo la tundu, ambalo ndilo linalopitisha petroli, hupungua karibu asilimia 10. Hatua moja ni kubwa kuliko inavyoonekana. Watengenezaji wengine huhesabu kwa kiasi cha mtiririko, kwa hiyo namba ya kampuni moja haihamishiki kwa nyingine.

Lushoto ilinifundisha pia jambo la mwinuko. Barabara inayopanda kutoka Mombo inakufikisha karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya Tanga mjini. Kabureta haina macho ya kuliona hilo. Inaendelea kutoa petroli kwa mazoea ya pwani, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa takriban asilimia 7. Asilimia hizo mbili hazilingani kwa sababu wepesi wa hewa hupunguza pia mvuto unaopandisha petroli, ila si kwa kiwango kilekile. Pikipiki iliyopimwa sawasawa Tanga itapanda na kulalamika kidogo tu. Ile ambayo tayari ilikuwa nzito itaanza kutoa moshi kwenye kona za juu, na mwenyewe ataamini imeharibika njiani. Nguvu iliyopotea kwa uhaba wa hewa hairudi kwa marekebisho yoyote. Kinachoweza kurudishwa ni uwiano.

Aliyehamia milimani ashushe petroli kidogo, kwa mfereji mmoja wa klipu na, ikilazimu, jeti kubwa yenye namba iliyopungua kwa hatua moja. Anayepanda kwa siku mbili na kurudi ningemshauri asiguse kitu, kwa sababu atakayesahau kurudisha ataishukia pwani na mchanganyiko mwepesi, katika joto, na mzigo nyuma, na hasara ya huko ni pistoni.

Mimi huishi kwa kupanda na kushuka, hivyo nimebandika karatasi chini ya kiti cha pikipiki, ndani ya mfuko wa nailoni. Ina safu mbili, Tanga na Lushoto, na kila moja ina namba ya jeti kubwa, mfereji wa klipu ukihesabiwa kutoka juu, na mazungusho ya skrubu kutoka mwisho wake. Mstari wa chini nimeandika tarehe bomba la shaba lilipobadilishwa.